Kutafuta wenzako wa kuunda bendi ya nyimbo zenu wenyewe hapa Tanga: mwongozo kamili

Tanga wapigaji wapo, tena wengi kuliko inavyosemwa. Jumapili asubuhi pita karibu na kanisa lolote lenye spika utasikia kinanda na besi, usiku wa harusi tumba zinalia mpaka watu wanaondoka na viatu mkononi, na kwenye baa na mahoteli hakukosekani jamaa wa gita anayekopi nyimbo za watu. Afu kuna yule wa nne ambaye hasikiki popote, yupo chumbani Makorora na daftari limejaa mashairi na hajui amuoneshe nani. Mwongozo huu ni wa huyo wa daftari.

Ugumu uko hapa: bendi ya nyimbo zenu wenyewe inataka watu wa kukaa na wimbo ambao haujulikani, haujaisha na hauna hela ndani yake, wakae nao wiki nzima na Jumanne inayofuata warudi tena. Hao huwapati kwa kuuliza mtaani nani fundi wa gita. Mafundi wa gita utaoneshwa kumi, na tisa watakuuliza "shoo lini na posho bei gani", na wala sio wabaya, ni watu wa kazi na wana watoto. We unamtafuta wa kumi.

Kwanza kabisa, uwe na kitu cha kusikilizisha

Kabla hujamtafuta mtu yeyote rekodi nyimbo zako tatu kwa simu. Simu tu, usiende studio. Gita moja na sauti, au kama hupigi chombo gonga meza na uimbe, dakika moja na nusu kila wimbo inatosha, ubeti mmoja na kiitikio. Sababu ya kukwambia usiende studio ni kwamba ukimletea mtu wimbo wenye biti iliyokamilika na kinanda kimejaa kila mahali anaona kazi imeisha, atakachofanya ni kuja kufuatisha, na mtu wa kufuatisha sio unayemtaka. Rekodi yako iwe na matundu. Mpiga besi akiisikiliza asikie mahali pake pako wazi.

Halafu jiandikie kwa maneno ya kawaida unataka muziki gani. Usiandike "fyuzheni ya kisasa yenye ladha ya Kiafrika", hiyo haimwambii mtu kitu. Andika hivi: rumba ya pole, gita mbili, tumba badala ya drams, mashairi marefu ya kitaarabu, kinanda hapana. Mtu akisoma hapo anajua kama ni wake au sio wake. Na hapa kwetu huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga walichukua taarab ambayo Unguja ilikuwa inapigwa na okestra kubwa ya fidla na ile ala ya nyuzi nyingi inayoitwa kanuni, wao wakaipiga watu wachache na gita la umeme na besi, mapigo yakachangamka, na sauti kama ya Bi Shakila ikasikika pwani yote. Walijua wanataka kusikika vipi. We pia jua, hata kama utabadilisha mawazo baadaye.

Idadi anza na ndogo. Sauti, gita, besi, mtu wa mapigo, mnatosha kabisa. Kila anayeongezeka ni ratiba moja zaidi ya kupatanisha, nauli moja zaidi na simu moja zaidi isiyopokelewa.

Wapi wanapatikana

Kanisani ndio shule kubwa ya muziki kwa sasa, tusidanganyane. Mpiga wa kwaya ana sikio, amezoea mazoezi, amezoea kukosolewa mbele ya watu. Nenda baada ya ibada, na uanze na mwalimu wa kwaya sio kijana mwenyewe, msalimie, mwambie shida yako, kwasababu ukimpitia kijana pembeni ionekane umekuja kuwaibia mpigaji utafungiwa mlango na makanisa mengine matatu yatapata habari kabla hujafika nyumbani. Muulize kijana mapema kama kanisa lake linamruhusu kupiga miziki ya kidunia, wengine hairuhusiwi na atakuficha mpaka siku ya shoo. Na jambo moja la kiufundi: wapiga vinanda wengi wa kwaya wamezoea kitufe cha transpozi, anapiga vidole vilevile na kinanda kinamhamishia ki, yaani sauti ya msingi ya wimbo. Hakuna ubaya, ila mkiwa mnatunga na mpiga gita anasema "twende F" na yeye vidole viko C mtagombana nusu saa bila kujua mnagombania nini. Siku ya kwanza mwambie azime hicho kitufe, ajitahidi.

Upande wa pili kuna vijana wa kasida na dufu. Sauti na mapigo ya hawa watu ni hazina, ila heshima ni ileile, mtangulie ustadhi wake, na kama kijana anakwambia mie ala za muziki hapana basi ishia hapo, usimbembeleze.

Watu wa ngoma, hasa ile ngoma ya kwetu ya baikoko, na wa harusi ndio wa kuchukua kwa upande wa tumba. Kijana aliyekulia kwenye baikoko ana mapigo mkononi ambayo mpiga drams aliyejifunzia YouTube atayatafuta mwaka mzima. Tabu yao ni Jumamosi. Wikiendi zao zimeuzwa tayari, kwahiyo usipange mazoezi Ijumaa mpaka Jumapili halafu ulalamike watu hawaji.

Wapigaji wa bendi za baa na hoteli waendee wakati wa mapumziko, au kesho yake. Usimtongoze mtu mbele ya kiongozi wake. Na usimwambie aache bendi inayomlisha, mwambie unaomba jioni mbili za wiki, basi.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye watu wanamsahau: fundi redio. Yule anayetengeneza amplifaya na spika, Ngamiani wapo kila baada ya barabara chache. Anajua nani ana gita, gita gani, lilivunjika lini, nani analiuza, na nani amechukua spika kwa mkopo hajalipa (hii ya mwisho ni muhimu kuliko unavyofikiri). Peleka waya wako ukachomewe risasi, kaa kwenye benchi, piga stori. Saa moja pale unatoka na majina mengi kuliko mwezi mzima wa kuweka status.

Na wazee. Tanga hii ilikuwa na Jamhuri Jazz, ilikuwa na Atomic Jazz, ilikuwa na Amboni Jazz, na waliokuwa vijana wakicheza miziki ile wapo barazani wanakunywa kahawa na kashata. Ukimpata mzee aliyewahi kushika gita la rizimu, lile la kushikilia mapigo, muombe akuoneshe mkono wa kulia tu, ile namna ya kukwaruza bila kuchoka wimbo mzima. Nenda na shikamoo, kaa chini, nunua kahawa, na simu iache mfukoni mpaka yeye mwenyewe aseme haya rekodi. Mzee anaweza asijiunge na bendi yako lakini atakwambia "kuna mjukuu wa fulani pale Chumbageni", na kijana aliyetajwa na mzee anakuja na adabu.

Kama we uko Bagamoyo basi umelala mlangoni kwenyewe. TaSUBa ipo hapo, ndio kile Chuo cha Sanaa cha zamani kilichoanza 1981, alikofanya kazi yule mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose na zeze zake na ilimba ya kupiga kwa vidole gumba, na wanafunzi wanatoka mikoa yote kwahiyo kwenye darasa moja unakuta Mgogo, Mmakonde na Msambaa. Lile tamasha lao la kila mwaka ni soko la kukutana na watu, nenda mchana wakati wa maonesho madogo na semina, sio usiku tu kwenye jukwaa kubwa ambapo huwezi kuongea na mtu. Sisi wa Tanga tunafaidika na wale wanaorudi likizo au waliomaliza, waulizie.

Tangazo

Mtandaoni watu wanaandika hivi: "Natafuta wanamuziki siriazi wenye vipaji tuunde bendi, njoo inbox." Tangazo hilo linaleta watu arobaini na hakuna hata mmoja. Kila mtu anajiona siriazi. Andika kitu kinachofukuza watu, ndio kazi ya tangazo:

"Habari wadau wa Tanga. Nna nyimbo sita za Kiswahili, rumba ya taratibu, mashairi marefu kidogo. Natafuta mtu wa besi na mtu wa tumba. Hatukopi. Mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni Ngamiani. Hela bado hakuna. Vyombo vipo nusu, gita mbili na amplifaya moja. Sikiliza hii hapa chini halafu niambie we ungeweka nini."

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Weka na ile rekodi yako, tupia kwenye status, kwenye magrupu ya mtaa, ya shule uliyosoma, ya kwaya ukiruhusiwa. Majibu yatakuja ya aina mbili. Aina ya kwanza ni "kali sana bro", "moto", "tuko pamoja", washukuru na waache. Aina ya pili ni mtu anakutumia voisi noti anamung'unya besi kwa mdomo, tum tum tuum, mtoto analia nyuma, anasema "pale kwenye kiitikio mie ningeshuka". Huyo mpigie simu leoleo.

Maongezi ya kwanza

Kutana naye kwenye kahawa au juisi ya miwa, sio kwenye vyombo. Usimuulize ana miaka mingapi kwenye muziki, watu wanaongeza. Muulize wiki hii umesikiliza nini. Siku gani ya wiki huwezi kabisa. Gita ni lako au la kuazima. Nyumbani wanajua unapiga muziki? Ukirudia wimbo mmoja jioni nzima unajisikiaje? Hili la mwisho angalia uso, mdomo utasema poa.

Kama ni dada, hasa anayeishi kwao, kuna hatua ya ziada na ni ya lazima hapa kwetu: nenda ukajitambulishe nyumbani. Umwone mama yake au kaka mkubwa, useme mazoezi ni wapi, yanaisha saa ngapi na nani anamrudisha, na hiyo saa uliyosema uishike. Kuna sauti nzuri nyingi za kike zimepotea mji huu kwasababu ya mazoezi yanayoisha saa tano usiku na bajaji hakuna.

Jaribio: wimbo ambao haujaisha

Hapa ndio penye uzito, usiharakishe.

Usiite watu watano siku moja. Ita wawili, wewe wa tatu. Ukiita wengi inageuka mashindano, kila mtu anaonesha vidole, na we hujui nani ni nani. Masaa mawili yanatosha. Mkifika tunini wote kwenye A ya hezi 440 kwa programu ya simu, kila mtu aangalie chombo chake, sio kwa sikio la mmoja. Pigeni wimbo mmoja wa zamani ambao wote mnaujua ili mikono ipate joto na woga utoke. Halafu toa wimbo wako ambao una ubeti mmoja tu na kiitikio hakijakaa sawa, waambie ukweli: huu haujaisha, hapa katikati sijui pa kwenda.

Sasa nyamaza uangalie.

Kuna atakayeuliza "maneno yanasemaje?" Huyo ni wako, hata kama vidole bado vizito, kwasababu anataka kujua wimbo unahusu nini kabla hajauwekea kitu. Kuna atakayepunguza sauti ya amplifaya bila kuambiwa mwimbaji anapoanza. Huyo pia. Kuna atakayejaza kila tundu, mwimbaji akivuta pumzi tu keshaingiza solo, na ukimwambia aache nafasi anaacha mara moja halafu anarudi palepale. Anaweza kuwa mpigaji bora wa mji mzima lakini bendi ya kutunga atakutesa. Na kuna anayesema "hii tuipige kama ile ya fulani", anataka kila kitu kifanane na kitu. Mpe nafasi ya pili, pengine ni woga.

Katikati badilisha kitu makusudi. Sema tujaribu bila tumba, au tushushe ki mbili, au tuanze na kiitikio. Hujali sana kama jaribio litafaa, unataka kuona nani anakunja uso na nani anacheka na kujaribu.

Rekodi yote kwa simu, iweke mbali na spika, juu ya kitambaa, isije ikapasuka sauti. Usiku watumie wote bila maelezo. Kesho yake subiri. Atakayerudisha neno lolote kuhusu wimbo, hata "pale mwanzo nilichelewa", mwite tena. Asiyesema kitu siku tatu ameshakujibu.

Na usitangaze bendi siku hiyo. Hakuna jina, hakuna picha ya pamoja kwenye Instagram, hakuna grupu lenye logo. Fanyeni mazoezi manne au matano kwanza, ikiwezekana wimbo mmoja uishe kabisa mikononi mwenu. Asiyefaa ni rahisi kumwambia kabla ya jina kuliko baada ya jina, na umwambie mwenyewe kwa mdomo, sio kumtoa kwenye grupu usiku.

Vyombo, mahali na umeme

Historia ya dansi Tanzania inasema mwenye vyombo ndio mwenye bendi. Tajiri ananunua seti, anaajiri wapigaji, siku akichoka anafunga stoo na bendi imekufa. Kwahiyo tajiri akija mapema na seti nzima kuwa mwangalifu, vyombo vyake vitakuja na maoni yake na maoni yake yatakuwa kupiga nyimbo zinazojulikana. Afadhali kila mmoja aje na chombo chake, na vile vya pamoja kama maiki, nyaya na spika mchange kidogo kidogo na muandike kwenye daftari nani katoa ngapi.

Mahali: chumba cha mtu, ukumbi wa shule baada ya vipindi, bohari la ndugu. Popote patakapokuwa, nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya kwanza, na kwa jirani wa ukutani hasa kama ana mgonjwa au mtoto mchanga. Mwisho wa mazoezi uwe kabla ya isha, na adhana ikiadhiniwa mnasimama, hilo halina mjadala. Umeme ukikatika msiende nyumbani, ndio wakati wa kupanga sauti za kiitikio kwa mdomo na tumba, kazi nzuri inafanyika gizani.

Ramadhani mji unatulia na shoo zinasimama. Wengi wanauhesabu mwezi wa hasara, ila kwa bendi ya kutunga ni mwezi wa kuandika, mnakutana baada ya tarawehe wawili wawili na gita lisilo na umeme, mkilenga Idi mosi na Idi pili ambapo kila mtu yuko nje.

Muandikiane mapema, kabla hakujawa na hela

Ndugu wawili Wilson na George Peter Kinyonga walipita hapahapa Tanga wakiwa na Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, wakatua Nairobi wakaanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 kundi la wapigaji wakachomoka wakaunda Les Wanyika, akiwemo Professor Omar Shabani wa rizimu na Tom Malanga wa besi. Angalia vyombo hivyo: rizimu na besi, wale wanaosimama nyuma. Bendi inayomjali mwimbaji na solo peke yao inajichimbia.

Mgao uwe rahisi kiasi kwamba hata aliyechoka saa nane usiku anaweza kuuhesabu. Tuseme mko watano mmelipwa laki tatu. Usafiri na chakula elfu sitini inatoka kwanza. Inabaki laki mbili na arobaini, igawe mafungu sita, kila mtu elfu arobaini na fungu la sita ni la mfuko wa bendi, nyuzi na nyaya zinatoka humo. Aliyetafuta shoo kama mnataka kumpa kitu semeni ni ngapi kabla hajaitafuta.

Nyimbo ni jambo lingine tofauti na shoo. Kila wimbo ukiisha, siku hiyohiyo andikeni kwenye daftari na tarehe: maneno ya nani, sauti ya kuimba ya nani, nani kaleta kile kipande cha gita kinachoutambulisha, na mmekubaliana asilimia ngapi kwa ngapi. Wote msaini, piga picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua mpigaji kwa haki zao tofauti, hivyo mkisema tu "wote tutagawana" mnaacha mlango wazi. Kusajili nyimbo ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kikundi chenyewe kujisajili ni BASATA, baraza la sanaa la taifa. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze karatasi zinazotakiwa, na nendeni wawili, sio mmoja, ili jina la bendi lisije likaandikwa kama mali ya mtu binafsi.

Shoo ya kwanza

Nyimbo nne zenu zilizokamilika na mbili za zamani ambazo wazee wanazijua, dakika arobaini hivi. Msitafute ukumbi mkubwa. Sherehe ya jirani, mahafali ya shule, kibanda cha chipsi cha rafiki yenu chenye viti ishirini. Panga ya zamani ianze, watu wageuke, halafu mbili zenu mfululizo bila maelezo marefu kwenye maiki, ya zamani ya pili, mmalizie na zenu mbili zilizobaki. Mtu mmoja asiyepiga akae katikati ya watu na simu arekodi, na ajaribu kusikia watu wanamung'unya kipi wakati wa kuondoka, maana huo ndio wimbo wa kwenda nao studio kwanza hata kama nyie mnaupenda mwingine.